Chaki kwenye Ubeti wa Tatu

Jumamosi, saa kumi alasiri, mvua ya manyunyu. Tulikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha duka la dawa ninalolisimamia, tumezungukwa na maboksi ya dawa za kikohozi. Jumatatu kijitabu cha kikundi chetu kingekwenda kwa mpiga chapa, na kila mtu alikuwa na shairi moja tu. Langu lilimhusu marehemu mama.

Utaratibu wetu ni huu. Karani mstaafu wa mahakama huyachapa mashairi yote kwa mashine moja, bila majina. Karatasi huzunguka nyumba kwa nyumba juma zima, na kila msomaji huandika maoni pembeni bila saini. Siku ya kikao, mtunzi haruhusiwi kutetea kazi yake.

Karatasi zilipotandazwa mezani, niliiona yangu. Ubeti wa tatu ulikuwa umekatwa kwa mstari mnene wa buluu. Niliugusa, ukaacha unga kidoleni. Ilikuwa chaki ya cherehani, na fundi kati yetu ni mmoja: wifi yangu, mke wa kaka.

Ubeti huo niliupenda kuliko yote. Mama amekaa dirishani, ananiita jina mpaka pumzi ya mwisho. Nikakumbuka kwamba tangu msiba wifi alikuwa akinikwepa. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Huyu aliyetumia chaki," nikasema, "penseli zimeadimika?"

"Mtunzi hatetei," Karani akajibu bila kuinua macho.

"Nani kasema mtunzi ni mimi?"

"Uso wako, dada," akasema mwalimu wa hesabu. "Umevimba kama unga uliotiwa hamira."

Wifi aliendelea kupinda suruali ya mteja. "Ni mimi, wifi. Nilikuwa kazini, penseli sikuiona."

"Mkasi ndio uliouona. Unanionea gere."

"Gere ya nini? Dirisha lile tuliliziba kwa kabati, wewe umeshaondoka nyumbani. Na mama hakukuita. Siku tatu za mwisho hakuita mtu. Alitaka maji tu, nikawa namlowesha midomo kwa pamba."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ulikuja mazikoni na miwani myeusi, kesho yake ukarudi kazini."

Nilimtazama nikitafuta uongo. Sindano ilikuwa imesimama hewani, haitikisiki.

"Pamba gani?" nikauliza.

"Ile uliyotutumia wewe kutoka hapa dukani. Boksi zima."

Mwalimu alikohoa, katikati ya dawa zote zile.

Karani aliiacha bahasha ya mpiga chapa wazi hadi Jumapili jioni. Mwalimu aliondoka na mwavuli usio wake. Wifi alimaliza suruali. Mimi niliandika ubeti mpya wenye maji na pamba, usio na jina langu, nikampelekea wifi ausome kwanza. Penseli nilimwachia.