Kifungu cha Wenza

...na pipi yenyewe ya mnanaa, mnadhimu wa chama anatugawia pipi kana kwamba sisi watoto tunaokwenda kudungwa sindano, "dada yangu, usituangushe, leo ndiyo leo," na mimi nimeipokea, nimeimenya, naimung'unya kama wenzangu wote wa upande huu, ukumbi mzima unanukia dawa ya meno, tunaivunja nchi vipande viwili na vinywa vyetu vinanukia vizuri... kiti cha kumi na nane, anaita katibu wa bunge, ndiyo, kiti cha kumi na tisa, ndiyo, mimi wa arobaini na mbili, bado, bado kabisa, zamu yangu ikifika nitabonyeza kitufe cha kipaza sauti, taa nyekundu itawaka, nitasema ndiyo na kukaa, na Muswada wa Kujitoa katika Shirikisho utakuwa sheria, jioni watapiga fataki, mimi ambaye tangu siku ya kwanza nilikuwa wa siyo, niliyesema kwenye kamati mpaka sauti ikanikauka kwamba watu wa ng'ambo ya daraja tumeoana nao, tumezaa nao, huwezi kuamka siku moja ukawaita wageni... nitasema ndiyo. Nimelipwa. Wala si fedha, nimelipwa kifungu, kifungu cha wenza, mistari mitatu, kwamba mzaliwa wa ng'ambo aliye mume au mke wa raia atabaki bila kuomba kibali, mistari niliyomlilia mnadhimu kwenye korido, kwenye lifti, mpaka nje ya choo cha wanaume nilimngoja, mimi mtu mzima na heshima zangu, hadi akasema haya, dada, tutakiingiza, lakini kura yako naitaka kiganjani. Nikampa. Kwa ajili ya mume wangu, fundi miwani, mzaliwa wa ng'ambo, aliyewavisha miwani nusu ya wazee wa mji huu, nani atawapima macho, nilijiuliza, na mimi je, nani atanibishia habari za redio, nani atalala upande wa ukutani...

"Nipo!" Ukumbi umeangua kicheko, ni mzee Kiyoyozi, tumempa jina hilo kwa sababu husinzia pale pale hewa ya baridi inapopulizia, jirani yake amemtikisa naye amedhani ni mahudhurio, "Mheshimiwa, ndiyo au siyo?" anauliza katibu, "Si nimesema nipo? Haya, ndiyo, ndiyo basi!" wanapiga meza, nami nimecheka, Mungu anisamehe, mzee amepiga kura ya kuachana na ndugu zake kwa kuchelewa kuamka, kesho atauliza tumepitisha nini... naye mume wangu hakuuliza tunapitisha nini, aliuliza sheria inaanza lini. Mara mbili, mara tatu, mezani, kitandani, akinyoa ndevu, inaanza lini, wala siku hata moja hakuuliza kama atabaki. Nilidhani ni hofu. Juzi jioni nilipanda ngazi mbio na viatu vya visigino, yuko jikoni anaosha vyombo, "Baba Watoto, wamekubali!" "Wamekubali nini?" "Kifungu! Huhitaji kibali, huhitaji chochote, wewe ni wa hapa hapa!" maji yanatiririka tu, hakugeuka, "Ahaa," akasema, "hongera, mheshimiwa," akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha kutakata, nami nikasema moyoni, maskini, wanaume hawajui kulia. Maskini nani? Mtu ameambiwa yeye si mgeni, na mabega yamemshuka kama aliyenyimwa likizo...

Ngoja. Na ile mashine ya kuchongea lenzi, eti imepelekwa kwa kaka yake ng'ambo ikatengenezwe, wakati fundi wake yupo mtaa wa pili, fundi anayeijua mashine ile kuliko ninavyomjua mume wangu, na bango la herufi la kupimia macho limetoka ukutani dukani, limeacha alama nyeupe, "nalisafisha," nani anasafisha bango miezi miwili, na wateja wapya anawaambia waende kwa mwingine... na maneno yale, "wewe piga ndiyo, mama, usipoteze kiti kwa ajili yangu, wakinifukuza nitakaa kwa kaka, tutaonana mwisho wa juma," nikajifungia bafuni nikalia kwa kuolewa na mtu mwema kiasi hicho. Mwema! Alitaka kufukuzwa. Alitaka serikali imfukuze, aondoke mikono safi na heshima tele, watoto waambiwe baba hakumwacha mama, ni siasa, na siku ya harusi ya binti yetu akae kiti cha mbele kama mtu aliyeonewa, nami pembeni yake, mke aliyesema ndiyo. Na mimi mjinga nimekwenda kumngojea mtu nje ya choo, nimeuza kura yangu pekee ya maana, ili kumzibia mume wangu mlango aliokuwa anatokea. Inauma. Inauma na inachekesha, na sina wa kumwambia, jirani yangu anachezea simu... kwa hiyo nini sasa, nilipe deni, niseme ndiyo, nikae na mume aliyebakizwa na mistari mitatu, ananioshea vyombo kwa hasira mpaka uzeeni? Hapana. Kifungu kimo ndani, kikae, kitawafaa wanaopendana. Mimi nitasema siyo, siyo ile ile ya kwenye kamati, si kwa ajili yake, mnadhimu aniite msaliti, chama kinitimue, na nikirudi nyumbani nitamwambia, unaruhusiwa kubaki, baba, hakuna anayekufukuza, ukitaka kwenda sema mwenyewe, kwa mdomo wako, watoto wakisikia, maana mimi nilichaguliwa kuwasemea watu wa jimbo langu, wewe hukunichagua nikusemee... kiti cha thelathini na moja, ndiyo, kiti cha thelathini na mbili, ndiyo, na mnadhimu amegeuka kule mbele, ananitazama, anatabasamu, ameshanihesabu.