Reli ya Kaburini kwa Baba

Wazee wa Mawe Matatu wanajua kulia, hasa mbele ya kamera. Jumamosi ile niliwakuta wamepangwa kwenye viti vyeupe vya hoteli, wamevalishwa fulana za kijani zenye picha ya treni, na kila aliyeitwa mbele kueleza alivyoipenda reli yetu alitoa machozi. Nilikaa nyuma na binti yangu Dorcas, kinyaa kimenijaa. Wale wote niliwaona kwa macho yangu wakiing'oa.

Hoteli ni ya Florian, kijana mwenye kampuni zake Dar, anayevaa viatu bila soksi. Ameijenga juu ya tuta la reli, pale pale palipokuwa kituo, katikati ya ziwa na yale majabali yaliyopandana. Siku hiyo alikuwa anaifungua, akaiita Siku ya Kumbukumbu za Reli. Mdogo wangu Masele, ambaye hajawahi kuhama Mawe Matatu, alinipigia simu Buswelu ninakokaa na Dorcas. "Dada, usikose. Tumeandaliwa pilau. Na mimi nina kiti mbele kabisa." Nilijiuliza kafanya nini hadi apewe kiti cha mbele. Nikaenda.

Kumbukumbu walizozieleza zilikuwa za kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Njia ile ndogo ilitoka Mkuyuni ikaambaa na ziwa, kushoto mawe, kulia maji, na kuna sehemu mawimbi yalilowesha ngazi za mabehewa. Treni ilikuwa ya kubeba pamba, ila nyuma walifunga mabehewa mawili ya watu. Ikikaribia kona ya kwetu ilipunguza mwendo mpaka ndege minandi waliokuwa wanaanika mabawa juu ya jabali hawakujisumbua kuruka. Akina mama walitembea kandokando yake wakiuza sato wa kukaanga na viazi vitamu madirishani. Abiria waliolala waliamshwa na wenzao waone ziwa. Mimi nilizaliwa hapo, treni niliiona kila ilipopita, na kila ilipopita niliacha kazi nikaitazama.

Baba yetu, Luhaga, alikuwa mnyapara wa genge la reli. Watu wake walibadilisha mataruma yanayolaliwa na reli, walikaza nati, walibeba reli mpya kwa mikono. Reli ni nzito, na aliyeiachia kabla ya wenzake alivunja mguu wa mtu. Kwa hiyo genge lilikuwa na mwito wake. Baba aliita, "Nani kashika?" nao wakajibu, "Tumeshika." Akaita, "Nani kaachia?" wakajibu, "Hakuna." Ndipo wakanyanyua, na hakuna aliyeruhusiwa kushusha mpaka baba aseme, "Shusheni." Mtu wa genge aliyesikia mwito ule akabaki amekaa, hata kama alikuwa anakula, hakuhesabiwa mtu. Sisi watoto tuliuigiza tukibeba kuni.

Kisha treni ikasimama. Wakubwa walisema njia haina faida, ikafungwa, nyasi zikaota katikati ya reli. Baba aliendelea kuitembelea na nyundo yake, anagonga hapa, anakaza pale, hadi watu wakamcheka. Baada ya miaka michache yakaja malori ya chuma chakavu. Mwenye malori hakuhitaji kuleta vibarua kutoka mjini. Genge zima lilijitokeza, watu wa baba mwenyewe, na Masele akiwa mbele yao, kwa kuwa naye aliajiriwa humo muda mfupi kabla ya njia kufungwa. Waling'oa walichokikaza kwa mikono yao. Na walipopakia reli kwenye malori walitumia mwito ule ule, Masele ndiye anayeita. Nani kaachia? Hakuna. Nilikuwa mlangoni na sufuria mkononi, nikaona yote.

Baba alitoka akaikalia reli iliyopita mbele ya nyumba yetu. Walimbembeleza, walimtania, mwishowe wakakata kushoto na kulia kwake, wakamwachia kipande alichokikalia. Kikawa kiti chake mpaka alipofariki. Aliusia kitu kimoja tu, kwamba kipande kile kisimikwe kichwani pake badala ya msalaba. Tulimzika uani, tukakisimika, tukamwagia saruji. Kila nilipotoka Buswelu kwenda kufagia kaburi nilikishika kwanza, ndipo nikawasalimia walio hai.

Basi, wazee walipomaliza kulia, Florian akatuongoza kwenye ukuta wake wa makumbusho.

"Shikamoo mama. Karibu uone urithi wetu."

"Marahaba," nilijibu.

Kulikuwa na taa mbovu, kofia ya stesheni masta, nati zilizopakwa rangi ya dhahabu. Katikati, juu ya zulia jekundu, kulikuwa na kipande cha reli kilichofungwa utepe na kuzungushiwa maua ya plastiki. Chini yake kibao kilisema: Reli ya Mwisho, Tafadhali Usiguse.

Nilikigusa. Mwishoni kilikuwa bado na bonge la saruji, na kwenye saruji kulikuwa na alama ya kiganja cha mtoto. Siku ya maziko Dorcas alikuwa mdogo, akaibonyeza saruji mbichi, tukamwacha. Sasa aliweka kiganja chake kikubwa juu ya kile kidogo, akaniangalia.

Masele alikuwa pembeni na sahani yake.

"Masele, hii imetoka wapi?"

"Dada, tusiongelee hapa."

"Nakuuliza imetoka wapi."

"Kule uani nani anaiona? Ng'ombe tu. Hapa wageni wanapiga nayo picha. Baba angefurahi." Akashusha sauti. "Kila ukoo uliambiwa ulete kitu. Wengine wameleta nati. Mtoto wa mnyapara nitaleta nati, kweli? Na kaburi nitamjengea la vigae, la kisasa."

Kumbe kiti cha mbele kilipatikana hivyo. Alikwenda na vijana wa hoteli wakachimbua kichwani pa baba yetu mchana kweupe, halafu akaoga, akavaa fulana, akaja kulia mbele ya kamera. Midomo yake ilikuwa inang'aa mafuta ya pilau. Nilimwonea kinyaa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye uji.

Nilimwambia Florian kwamba kipande kile ni cha kaburi la baba yangu na ninakichukua. Alitabasamu, hata hakushtuka.

"Pole sana mama. Lakini sasa hiki ni mali ya jamii nzima. Na ni kizito, utaumia. Kaa kwanza upate soda."

Kwa mkono aliouweka nyuma ya mgongo alimwashiria mpiga picha ageuzie kamera kwingine.

Soda sikuitaka. Nilipanda kwenye zulia lake, nikayang'oa maua yake, nikaweka mikono kiunoni alivyokuwa anasimama baba, nikaita.

"Nani kashika?"

Yakobo, mzee kuliko wote, aliyebeba reli na baba tangu ujana wao, aliweka sahani yake chini. Sidhani kama alifikiri. Alikuja anachechemea, akainama, akashika. Akaja mwingine, akaja mwingine, fulana za kijani zikajaa kwenye zulia. "Tumeshika," walisema kwa sauti zao nyembamba. Masele alikuwa amesharudi kwenye kiti chake cha mbele, anaangalia viatu vyake. Yakobo akageuza shingo.

"Ng'wana Luhaga, mtoto wa mnyapara, hujasikia unaitwa?"

Wazee wote walimtazama wakiwa wameinama vile vile. Masele akainuka, akaja, akashika upande wenye saruji.

"Nani kaachia?" niliita.

"Hakuna," wakajibu waongo wale.

Ikanyanyuka. Na wageni wakapiga makofi. Walidhani ni burudani. Mwanamke mmoja alinifuata na simu yake akiniomba nirudie mwito maana alichelewa kurekodi, na Florian, alipoona watu wamefurahi, naye akapiga makofi akatufungulia geti. Nilipita mbele yake bila kumtazama, maana ningemtemea mate.

Nyumba yetu iko jirani, unafuata tuta la reli kidogo tu umefika. Dorcas alitangulia. Uani tulikuta shimo kichwani pa baba, hawakujisumbua hata kulifukia, na ndani yake mtu ametupa chupa ya soda. Dorcas aliitoa, akaliondolea shimo majani kwa mikono. Wazee wakaiinamisha reli, upande wenye saruji ukawa juu ya shimo, wakasubiri neno.

Sikulitoa. Jasho lilikuwa linawatiririka, na Masele akanigeukia.

"Dada, sema."

"Nani kaachia?" niliuliza. Safari hii sikuita, niliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Wazee walifungua midomo wajibu walivyozoea, na hakuna aliyetoa sauti. Ziwa tu lilisikika likipiga mawe.

"Masele. Nani kaachia?"

"Mimi, dada."

"Na siku ya malori?"

"Mimi."

"Sote, mwanangu," alisema Yakobo. "Sema tushushe."

"Shusheni," nikasema.

Reli iliingia shimoni. Wakarudishia udongo, Dorcas akaukanyaga ukashikana. Nikaenda ndani nikaleta jagi la maji, kama tunavyofanya tukitoka kuzika, nikawanawisha wazee mmoja mmoja, na Yakobo nikamnawisha mpaka kwenye viwiko, maana yeye angalau alisema mwenyewe bila kuulizwa. Masele alikuja mwisho, akakinga mikono yake yenye kutu na harufu ya pilau. Jagi lilikuwa bado na maji. Niliyamwaga chini, nikamwambia akanawe ziwani.