Kengele ya Kiranja

Jina la Kiranja nilimpa mwenyewe. Alikuwa seva yetu, yaani kompyuta kuu, sanduku jeusi chini ya meza yangu, na katika karakana ya miwani ya shangazi hapakuwa na kazi isiyopita kwake. Barua pepe kwake, miadi ya wateja kwake, kuchapa kwake, na vipimo vinavyosomwa na mashine ya kukatia vioo pia kwake. "Mashine mbili ni maradhi mawili," nilimjibu shangazi siku aliponiuliza kama tuongeze nyingine. Nilijivuna sana.

Shida ni kwamba barua zilikuwa zikikwama mara mbili kwa wiki, na dawa yake ilikuwa kuzima na kuwasha. Ukimzima Kiranja umezima vyote. Jiwe la mashine ya kukatia linapoteza vipimo katikati ya kazi, kioo kinaharibika. Basi nikabuni kengele. Nikiigonga, kila mtu anaacha kazi, ananyanyua mikono juu na kuitika "Tayari!", wala haishushi mpaka kengele ya pili. Wateja walituona watoto wa chekechea.

Fundi wa vioo hasikii. Usikivu ulimtoka ukubwani, kwa hiyo anasema, tena kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, na midomo anaisoma barabara. Kengele yangu kwake haikuwa kitu. Dada wa mapokezi ndiye aliyekuwa akienda kumgusa bega.

Jumanne ile dada wa mapokezi alikwenda kung'oa jino. Barua zikakwama. Nikagonga kengele, nikasikia "Tayari!" mbili tatu, nikazima. Nyuma ya ukuta ukatoka mlio kama wa kijiko kinachokwaruza sufuria.

Kilichoharibika kilikuwa kioo cha dereva wa lori aliyekaa pale nje, anayetakiwa kupimwa macho saa tisa ili leseni yake isifutwe. Kingine cha namna ile kingefika baada ya siku mbili. Dereva alisimama, akakaa, akasimama tena. "Na mimi niliwaamini," alisema, akaondoka.

"Nimesema siku nyingi," alifoka baba mdogo, ambaye ndiye mnunuzi wetu wa vifaa. "Kazi hii inataka mtu mwenye masikio. Fundi aende stoo akapange fremu."

Fundi aliisoma midomo yake. Alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya mashine aliyoishika miaka kumi na saba. Wanasema nyani haoni kundule. Mimi langu nililiona, nikalikalia.

"Usilie, binti," fundi akaniambia alipoona machozi yangu, kwa sauti yake ile, jengo zima likasikia. "Masikio ni yangu."

Hapo nikashindwa.

"Shangazi, kosa ni langu. Kwa nini mtu anayekata kioo asimamishwe kwa sababu barua zimekwama?"

"Si wewe uliyesema mashine mbili ni maradhi mawili?"

"Kilikuwa kiburi. Barua, miadi na kuchapa vinaweza kulala kitanda kimoja, vikisimama dakika kumi hakuna anayeumia. Kioo hakingoji."

"Na hiyo ya pili tunaitoa wapi?"

Nikachomoa nyaya za kompyuta yangu mwenyewe. "Hii hapa. Haitafanya kingine chochote ila vipimo vya fundi."

"Na wewe?" aliuliza baba mdogo.

"Nitabanana na dada mapokezi."

Shangazi alimtazama fundi, kisha mimi. "Mpaka Ijumaa. Kikiharibika kioo kingine, fundi anakwenda stoo."

Alimpigia dereva, akaomba radhi, akamwombea na nafasi nyingine ya kupimwa. Mimi nilihamisha vipimo kimoja kimoja, nikivihakiki mara mbili. Sikumbuki kama nilikula.

Ijumaa asubuhi dereva amekaa, fundi yuko ndani na kioo kipya kwenye jiwe, na barua, kana kwamba zimetumwa, zikakwama. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa stoo mkononi.

Nikagonga kengele, mazoea tu. "Tayari!" Mikono ikapanda, hata ya shangazi. Dada wa mapokezi akainuka aende kumgusa fundi bega. Nikamshika mkono.

"Mwache."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Nikamzima Kiranja.

Nyuma ya ukuta jiwe liliendelea kunguruma. Hakuna aliyeshusha mikono. Likanguruma, likanguruma, kisha likanyamaza lenyewe, polepole, kama linavyonyamaza kazi ikiisha.

Fundi akatoka akiifuta miwani kwa pindo la aproni. Akamvalisha dereva. Dereva akageuka, akasoma kalenda ya ukuta wa mbali, hadi herufi ndogo za mchapishaji zilizo chini kabisa, na machozi yakamlenga.

Ndipo fundi akatuona, watu wazima sita, mikono juu.

"Mbona hivyo?" akauliza kwa sauti yake yote. "Tumevamiwa?"

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Baba mdogo akarudisha ufunguo mfukoni.