Daktari wa Mtandaoni

Basi la shule lilipotolewa mtoni, dereva wake alikuwa amekaa majini siku kadhaa, na damu yake ilipopimwa ilikutwa na pombe. Wanafunzi wawili walikufa naye. Habari zikasambaa kama moto, na mtu asiyejulikana akaandika MLEVI kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba ya mjane wa dereva.

Mkemia wa maabara ya polisi, mwanamke mkimya asiyependa kuharakishwa, alikabidhiwa jalada aandike maoni ya kitaalamu kwa ajili ya mahakama.

"Kazi ndogo hiyo," mkuu wake alimwambia. "Mtandao umejaa majibu. Nukuu, weka sahihi, tuendelee."

Kweli ulijaa. Tovuti baada ya tovuti zilisema kiwango kile cha pombe hakipatikani bila mtu kunywa. Lakini kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kushuku. Sentensi ilikuwa ileile, hata kosa la tahajia lilelile, utadhani mdomo mmoja unaongea nyuma ya milango mingi. Akafuata viungo vya tovuti hizo, kimoja kikimpeleka kwenye kingine, mpaka akamfikia daktari mmoja mwenye mvi na tabasamu la upole, ambaye wote walikuwa wamemnukuu. Hakikutajwa chuo, wala utafiti, wala tarehe. Akaitafuta picha yake mtandaoni. Daktari akamtokea kwenye tangazo la magodoro, kisha akiuza meno ya bandia, kisha akiwa babu kwenye kadi ya pongezi. Tabasamu halikubadilika hata kidogo.

Mkemia alizima kompyuta, akaenda kunawa uso. Aliyemhukumu marehemu hakuwa mtu.

Aliporudi aligeukia majarida ya kitaalamu, yale ambayo makala hukaguliwa na wataalamu wengine kabla ya kutoka, na waandishi wake wanajulikana wanakofanya kazi. Huko alisoma kwamba mwili unaooza unaweza kutengeneza pombe wenyewe, hivyo damu peke yake haitoshi. Ilinganishwe na majimaji ya jicho, ambayo huchelewa kuharibika. Kwenye friji ya maabara kulikuwa na kichupa cha majimaji hayo kutoka kwa dereva, hakijaguswa. Akapima. Akarudia. Hapakuwa na pombe.

Mkuu alisoma majibu akiwa amesimama. "Na wale wote wa mtandaoni?"

"Ni mmoja tu, mzee. Na huyo mmoja hajazaliwa."

Haikuwa kazi yake kupeleka habari, ila alikwenda. Mjane alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kizingitini.

"Hakuwahi kunywa. Nilijua," alisema. "Halafu mwanangu akanisomea kwenye simu, tovuti hii, na hii, na hii. Nikasema wote hawa hawawezi kudanganya. Siku ya kumzika nilisimama pembeni, nikamwambia asinisubiri huko aendako. Tangu hapo namsikia, dada. Anaizunguka nyumba. Hagongi."

Mkemia alitazama ripoti mkononi. Yeye alikuwa mtu wa vipimo.

"Twende ukamwambie wewe," mjane alisema. "Mimi hatanisikiliza."

Wakaenda makaburini jua likiwa bado kali. Mkemia akasimama mbele ya kaburi, akasoma ripoti yote kwa sauti, jina la kipimo, aina ya mashine, majibu. Aliona aibu mwanzoni, kisha aibu ikamtoka.

Alipomaliza, mjane hakulia. Alimwomba asome tena, polepole.