Mguu Uliokatazwa Maji

Katika wanawake wote waliobandikwa ule utando wa gundi, ni Mama Nasibu peke yake ambaye donda lake lilikataa kufunga.

Wenzake walikuwa wamepona au wanaelekea kupona. Severina wa Mkunya, aliyeungua kiganja, alikikunja na kukikunjua mbele ya watu pale kwenye benchi la zahanati.

"Mti umenichoma wenyewe, umeniponya wenyewe," alisema. "Sisi watu wa korosho tuna bahati yetu."

"Wewe uliungulia wapi?" akamdakia mwenzake. "Kubangua unakukwepa kila msimu."

Wakacheka. Mama Nasibu naye alitabasamu, huku akiuvuta upindo wa kanga juu ya mguu wa kulia ili harufu isiwafikie.

Aliungua uani kwake. Alikuwa anachoma korosho za kubangua, bati likateleza, mafuta ya maganda yakamwagikia mgongo wa mguu. Huku uwandani kila mwanamke amewahi kubabuka vidole kwa mafuta hayo, lakini Mama Nasibu ana sukari, na kwa mwenye sukari kidonda kidogo hugeuka donda.

Jina lake ni Ziada. Tangu mumewe atangulie mbele ya haki, aliishi kwa heshima zake pale Chilangala, na mikorosho yake, muhogo wake na swala zake. Ndiye aliyewafundisha wanawake wa msikitini kutawadha sawasawa, na mwanamke akifariki ndiye aliyeitwa kumwosha. Karibuni alikufa mama mmoja wa mtaa wa pili na hakuitwa. Walisema wamemhurumia mguu. Yeye alijua ni harufu.

"Shikamoo, Mama Nasibu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Sophia alipiga goti akaanza kufungua bandeji. Huyu ni binti wa Mzee Hamudi, alisoma mpaka chuo kikuu kisha akarudi nyumbani kufanya utafiti. Watu walimwita daktari, ingawa mwenyewe alikana, akisema yeye kazi yake ni kutafuta vitu vinavyoweza kukaa kwenye mwili wa mtu bila mwili kuvikataa. Ile gundi inayotoka kwenye gome la mkorosho, ambayo watoto hugandishia karatasi, aliichuja, akaichanganya na dawa, akaikausha ikawa utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Siku ya kwanza aliwaeleza taratibu. Donda lina majimaji yake. Yale majimaji yanaulainisha utando polepole, dawa inashuka kidogo kidogo, na nyama mpya inapata pa kushika, kama kunde inavyoshika mti ikitambaa.

"Sharti langu ni moja," aliwaambia siku hiyo. "Msiuloweshe. Ukipata maji unayeyuka wote kwa pamoja, na dawa yote inakwenda na maji. Mkioga, mguu ubaki nje ya beseni."

Sasa alilitazama donda. Utando haukuwapo. Palibaki ute kidogo pembeni, na katikati nyama ilikuwa ya kijivu.

"Umeisha tena," alisema. "Kwa wenzako naukuta. Mama, haujalowa?"

"Mwanangu, naoga kama ulivyonielekeza."

Hilo lilikuwa kweli. Ndiyo maana aibu ilimpanda mpaka masikioni, maana aliutoa ukweli nusu na nusu akaukalia.

Sophia alijishusha akaketi sakafuni kabisa. "Basi kasoro ni ya kazi yangu. Kwa mwenye sukari huenda utando hauwezi. Nitaandika hivyo, wenye sukari wasiwekewe." Akamshika goti. "Na daktari wa wilaya amesema, mwezi ukiisha tuko hivihivi, uende Masasi ukakatwe vidole, kabla donda halijapanda juu."

Mama Nasibu alitazama dirishani. "Inshallah, heri," akasema.

Adhana ya alasiri ilimkuta kwake. Alichota maji kwenye pipa akakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba. Maji ya uwandani si ya kuchezea. Ya bomba hutoka yanapotaka, na ya mvua ukiyakinga unayatunza kama mgeni. Lakini kwa udhu hakuwahi kuyafanyia choyo. Alifungua bandeji, akaubandua utando mpya aliobandikwa zahanati siku hiyo kwa ncha za kucha, akauweka kwenye kisahani safi. Kisha akauosha mguu wote mpaka kwenye kifundo, na donda lenyewe, huku ameuma kanga kwa maumivu. Alipourudisha, utando ulilowa maji yaliyobaki kwenye donda, ukateleza kama mlenda.

Hivyo ndivyo alivyofanya kila swala. Kuosha miguu ni faradhi. Mama yake alimfundisha hivyo, naye akawafundisha wengine hivyo. Sophia alitaja kuoga, udhu hakuutaja, na Mama Nasibu hakuuliza. Alihofia jibu.

"Kumbe."

Hajira, mama yake Khalidi, jirani yake, alikuwa amesimama penye pengo la uzio na ndoo kichwani.

"Kumbe kisahani ni cha dawa," alisema. "Mimi kila nikikiona nasema, Mama Nasibu anakula peke yake huko nyuma."

"Karibu, Mama Khalidi."

"Sikaribii, napita tu." Hakupita. "Unaibandua kila swala?"

"Swala ni swala."

"Naam. Ulishanifundisha." Hajira aliishusha ndoo taratibu. "Mwaka jana nimevunjika mkono, nimefungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka kwenye kiwiko. Nikaja msikitini. Ukaniuliza mbele ya safu nzima, 'Umetawadha, au umepangusa hogo?' Nikaona haya, nikatoka. Mpaka leo naswali chumbani kwangu."

Mama Nasibu alikuwa ameushika mguu kwa mikono miwili.

"Nilidhani unanionea mimi," Hajira akaendelea. "Kumbe hata mguu wako mwenyewe unauonea."

"Ulimwuliza Shehe?"

"Siku ileile."

"Akasemaje?"

"Una miguu. Nenda kamwulize, kabla haijapungua." Akajitwika ndoo yake akaenda.

Mama Nasibu alimalizia kufunga bandeji. Kilichomchoma zaidi ni kwamba Hajira alikuwa na jibu mwaka mzima, na hakuja kumtupia usoni. Alinyamaza akaswali chumbani.

Kesho yake alimkuta Shehe Mahmudu anaanika korosho kwenye jamvi. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua na za wajukuu, na Mama Nasibu akaanza kwa mbali.

"Shehe, kuna mwanamke mmoja ana donda mguuni. Amefungwa dawa, amekatazwa maji. Udhu wake unakuwaje?"

"Mbona jambo jepesi," alisema Shehe. "Aoshe penye uzima, apanguse juu ya bandeji kwa mkono wenye maji, na kwa ajili ya pale palipofunikwa atayamamu kwa udongo safi. Swala yake imetimia. Asijidhuru, mwili ni amana." Aligeuza korosho kidogo. "Huyo mwanamke hana elimu?"

"Anayo kidogo. Anafundisha wenzake."

"Aa. Ndiyo maana hakuuliza."

Shehe aliendelea kuzitandaza korosho zake, macho yake kwenye jamvi, na kwa hilo Mama Nasibu alimshukuru moyoni.

"Na kama kuna wenzake aliowazuia?"

"Hao awaendee mwenyewe," alisema Shehe. "Asinitume mimi."

Siku ya zahanati alikusudia kungoja wenzake waondoke, ndipo azungumze na Sophia peke yake. Alikaa mwisho wa benchi. Lakini alikuja mgeni, Regina, mama yake Dastani, donda kisiginoni, anachechemea kwa fimbo. Sophia alimwuliza maswali yake, na alipofika kwenye sukari Regina akaitika kwamba anayo.

"Samahani, mama," Sophia akamwambia. "Utando huu kwa wenye sukari nimeona haufai. Sitaki kukupotezea muda na mguu wako."

Regina aliishika fimbo yake. "Nimetoka mbali, mwanangu."

"Najua. Samahani sana."

Mama Nasibu aliinama akatazama mguu wake, akatazama na kile kisigino. Akainuka.

"Usimrudishe," alisema. "Utando wako hauna kosa. Mimi naubandua."

Severina aligeuka. "Unaubandua uupeleke wapi?"

"Kutawadha."

Benchi zima likautazama mguu wake.

"Mara tano?" mmoja akauliza.

"Hapo hujataja sunna," akajibu mwingine. Kicheko kikawatoka wawili watatu, kikafa chenyewe walipomwona uso.

Sophia alikuwa amesimama na kipande cha shashi mkononi. "Mama Nasibu, nilikuuliza."

"Uliniuliza kulowa. Nikakujibu kuoga."

"Mama." Aliikunja ile shashi kiganjani. "Siku zote hizi nalala na kosa ambalo si langu. Nilikuwa namrudisha huyu mama nyumbani na donda lake."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimesimama."

Alitaka kusema kwamba alifikiri anamcha Mungu, lakini aliposikia maneno hayo kichwani mwake yalikuwa kama anajisifu, akayaacha. Machozi yalimjia, akayameza, maana kulia kungewafanya wambembeleze.

Sophia alimkaribisha Regina aketi. Kisha akageuka, akapiga goti mbele ya Mama Nasibu, akaanza kulisafisha donda. Mikono yake haikuwa na upole wa siku zote.

"Mguu wako siwezi kuuhesabu tena pamoja na wa wengine," alisema. "Kilichotokea kwako si kazi ya utando."

"Na vidole?"

"Vidole nitavipigania. Juu ya bandeji nitafunga nailoni, mkono wenye maji upite bila kuingia ndani. Lakini safari hii uniambie kila kitu. Hata nisichokuuliza."

"Nitakuambia."

Utando ulikaa. Siku nyingine ya zahanati Sophia alipofungua bandeji aliukuta mahali pake, na pembeni mwa donda nyama nyekundu imeanza kutambaa kuingia ndani. Habari ya Masasi aliisogeza mbele. Hakuifuta.

Siku ya darasa la wanawake, Mama Nasibu alibisha hodi kwa Hajira kabla ya adhuhuri.

"Nisindikize msikitini," alisema.

"Nikusindikize au nikubebe?"

"Nisindikize tu."

Hajira alimtazama, akaenda ndani, akarudi amejitanda. Wakafuatana.

Pale kwenye birika wanawake walimpisha kama walivyozoea, wakatulia kumtazama, maana udhu wake ndio waliojifunzia. Aliosha uso, mikono, akapaka kichwa, akaosha mguu wa kushoto. Wa kulia aliosha vidole na kisigino, akachovya mkono na kuupitisha juu ya bandeji. Kisha akafungua kitambaa chake cha udongo mkavu, akatayamamu.

"Mama Nasibu," Hajira akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Umetawadha, au umepangusa bandeji?"

"Nimepangusa bandeji," alijibu. Macho yake yalikuwa chini kwenye saruji iliyolowa. "Na wewe mwaka jana udhu wako ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea, nikakutoa kwenye safu bila haki. Unisamehe."

Hajira aliwageukia wanawake waliozunguka birika.

"Sema tena," alisema. "Mama Kibibi hasikii vizuri."

Mama Nasibu aliinua uso. Ulikuwa unamwaka. Akayasema tena yote, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, na Mama Kibibi, ambaye masikio yake ni mazima kabisa, akaitikia kwa kichwa.

Hajira akakunja mikono ya gauni lake. "Haya sogea," alisema. "Birika si lako peke yako."