Bi Lorena Anatunukiwa

Sisi mama karanga wa Mambrui tunanunua samaki kwa wavuvi hukohuko ufuoni, tunawakaanga, tunawauza. Mwaka huu hoteli mpya ilijenga ukuta, ukaimeza njia yetu. Tukizunguka, tunakuta mawakala wameshachukua kila chenye mapezi. Tulipomlalamikia Bwana Awadh, mwenyekiti wa kamati ya maendeleo, alituambia tusubiri, kamati ina shughuli kubwa.

Shughuli yenyewe ilikuwa kumtunuku jirani yangu, Bi Lorena, Mmarekani mweusi ambaye watu hapa humwita mzungu, naye hununa kila akiitwa hivyo. Tangu usichana wake alipigania haki kwao. Alikaa katika mikahawa ya weupe akamwagiwa chai ya moto, akaandamana, akafungwa mpaka akawajua askari jela kwa majina. Alikuja Mambrui kupumzika, maskini.

Kamati ikachagua ukumbi: bustani ya hoteli ileile. Sisi tukapewa leso za sare, tukaambiwa tuingie kwa mlango wa nyuma, tupige vigelegele, tutoke. Awadh alihutubia vizuri mno. Alisema mama huyu maisha yake yote alikataa kupitishwa milango ya nyuma. Tukapiga vigelegele, ndiyo kazi tuliyoitiwa.

Mwenye hoteli, meno yote nje, akamwambia kama tunavyomwambia kila mgeni: "Karibu Bibi, hapa ni kwako."

"Kwangu?" Bi Lorena akauliza. "Basi kesho jirani yangu Lubna," akaninyoshea mkono, "na wenzake watapita hapa kwangu wakienda kununua samaki."

Watu wakashangilia. Mwenye hoteli naye akapiga makofi, maana kamera zilikuwa zikimtazama.

Asubuhi tukakuta lango limefungwa. Bi Lorena akatandika leso mbele yake, akakaa, nasi tukakaa naye. Magari ya watalii yakakwama. Polisi wakaitwa, na Awadh akaja mbio.

"Shikamoo Bibi. Mbona watuaibisha? Mambo haya yalikuwa ya huko Marekani, na jana tumeyasifu."

"Marahaba. Huko nako walinisifu nilipozeeka."

Askari wakatupakia garini sisi mama karanga. Bi Lorena wakamletea kiti kivulini na maji baridi. "Wewe hukamatwi, Bibi," mkubwa wao akasema kwa adabu. "Wewe ni mgeni wa heshima."

Sijapata kumwona na hasira vile. Alikisukuma kiti, akashika ukingo wa gari, akaanza kupanda na magoti yake mabovu. Askari aliyetumwa kumzuia akajikuta anamshika mkono asianguke. Nilikuwa nikilia kwa uchungu, nikacheka.

Akaketi ubavuni mwangu, akihema.

"Huko kwenu, Bibi," nikamwuliza, "ilichukua muda gani hadi mkashinda?"

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgeni.

"Bado, mwanangu," akasema. "Hebu jisogeze kidogo."