Majani ya Karoti Kwenye Msumari

"Simu," alisema Kibiwott, msimamizi wa walinzi, huku akivuta droo ya meza yake.

Rahab hakuitoa mara moja. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika katoni ya mafuta ya kupikia, na ndani ya katoni, juu ya sweta kuukuu, alilala sungura.

"Leo niachie, mkubwa. Daktari atanipigia asubuhi hii. Huyu amepasuliwa jana."

"Nani amepasuliwa?"

"Chwele." Akafunua pembe ya sweta. Sungura wa rangi ya majivu alikuwa amejikunyata, tumbo limenyolewa, nyuzi nyeusi zikionekana kwenye ngozi.

Kibiwott alicheka mpaka akashika meza. "Mama Rahab! Si hiyo ni supu? Hiyo ungepasua mwenyewe na kisu ya jikoni, ukaweka nyanya."

"Ni mgonjwa, mkubwa."

"Pole yake. Lakini sheria ni ya kila mtu. Nikikuachia wewe, kesho kila soja ako na daktari."

Rahab akaweka simu kwenye droo, juu ya simu za wenzake.

Sheria hiyo haikuwa ya zamani. Mwanzoni mwa mavuno, mtu fulani pale kwenye ghala la mahindi alipiga picha malori ya mfanyabiashara mmoja yakiingia bila mahindi yake kupimwa unyevu, huku wakulima wadogo wakilala barabarani kwenye foleni. Picha ilizunguka Kitale yote, ikashuka mpaka Bungoma. Malori hayakuzuiwa. Zilizozuiwa ni simu.

Kazi ya Rahab ilikuwa kufungua lango na kupekua mikoba ya wanawake. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kiti kimoja, msumari mmoja wa kutundikia koti. Akaiweka katoni chini ya kiti, mahali ambapo upepo haufiki.

Alikuwa amemnunua sungura huyo soko la Chwele, ili wajukuu wale Krismasi. Krismasi hiyo wajukuu hawakuletwa, nauli ilikuwa imepanda, na sungura akabaki. Akampa jina la soko. Jioni Rahab aliporudi chumbani kwake alikuta kuna mtu wa kumpokea, akizunguka miguu yake kabla hajavua viatu. Si jambo dogo hilo, kupokelewa.

Kisha Chwele akaanza kukojoa damu. Pale Kitale waganga wa mifugo walimwambia wao ni wa ng'ombe. Ni Daktari Wamalwa wa Bungoma aliyekubali. Alimpasua baada ya kufunga duka lake la dawa, akatoa uvimbe kwenye mji wa mimba, akamfunika kwa taulo lake mwenyewe. Lakini kabla Rahab hajaingia kumchukua, daktari aliitwa mbio kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Msichana wa kaunta ndiye aliyemkabidhi sungura, chupa ya dawa ya maumivu na bomba la kunyweshea lisilo na sindano.

"Mengine daktari atakuambia kesho asubuhi kwa simu," msichana alisema.

Wekoye, mpakiaji wa magunia, alichungulia kibandani akiwa na unga wa mahindi kwenye nyusi.

"Niaje, Mama Rahab. Mboga inaendeleaje?"

"Wekoye, usimwite mboga."

"Haya bana, mgonjwa." Akatoa mfukoni fungu la majani ya karoti, mabichi, bado yana umande. "Nimemtolea shamba ya pale nyuma. Si hii ndio anapenda?"

Rahab akashukuru. Chwele alisikia harufu, akainua kichwa. Pua ikaanza kucheza. Akajivuta polepole, nyuzi zikamuuma, akasimama, akajivuta tena. Akashika jani moja kwa meno.

Rahab akalivuta likatoka.

"Bado, mama. Vumilia kidogo."

"Ah! Si umpe akule!"

"Hajapitisha hewa."

Wekoye hakuelewa. Rahab akamweleza. Yeye mwenyewe aliwahi kutolewa uvimbe kama huo, hospitali ya misheni kule Lugulu. Muuguzi alikuwa mpole, alimshika mkono, akamwambia hata tone la uji lisipite mdomoni mpaka hewa itoke kwa chini. Mama wa kitanda cha pili akanywa chai kwa kuiba. Tumbo likamfura akalia mpaka sauti ikakauka. Rahab alivumilia, akapona. Yote aliyojua kuhusu kupasuliwa tumbo aliyajua kwa tumbo lake mwenyewe.

Akayatundika majani ya karoti kwenye msumari. Chwele akabaki akiyatazama.

Jua lilipopanda juu ya paa la ghala, simu ililia ofisini. Rahab aliujua mlio wake, wimbo wa kwaya ya kanisani kwao. Akakimbia mpaka dirishani.

"Mkubwa, hiyo ni yangu! Ni daktari!"

"Saa ya chakula utachukua."

"Nisikie tu anasema nini. Simama hapa usikie na wewe."

"Mama, rudi lango. Ama unataka niandike umeacha kazi?"

Simu ikanyamaza. Ikalia tena. Rahab alikuwa amerudi langoni, akipekua mkoba wa mama mmoja, mikono ndani ya mkoba na masikio kule ofisini. Mara ya tatu wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Kibiwott alikuwa ameizima.

Mzee Kipkosgei, mmoja wa wakulima wa foleni, aliyaona hayo yote. Alikuwa ameteremka na magunia yake ya mahindi kutoka miteremko ya Elgon, na kila mara yalipofika kwenye mashine ya kupima unyevu aliambiwa hayajakauka. Sasa alikuwa ameyaanika juu ya turubai kando ya barabara. Akaja na chupa ya plastiki yenye maji moto kutoka jiko la mama wa chai.

"Weka hii karibu na yeye. Naona anatetemeka."

"Asante, mzee. Mungu akuone."

"Kwanza anione hapa kwa foleni," mzee akasema, na Rahab akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Saa ya chakula akapewa simu. Akapiga kabla hajatoka mlangoni.

"Mama Rahab!" Sauti ya Wamalwa ilikuwa ya mtu ambaye hakulala. "Nimepiga, nimepiga. Amekula?"

"Bado, daktari. Sijampa kitu. Nangoja apitishe hewa."

Rahab alisikia ng'ombe akilia upande ule mwingine.

"Mama, nisikize. Sungura si kama mtu. Tumbo yake ikisimama, anakufa. Alitakiwa kula jana ile ile. Hajataka kula hata kidogo?"

Rahab alitazama kibanda chake.

"Alitaka," akasema. "Asubuhi alitaka."

"Si makosa yako. Ni sisi hatukukuambia." Alisema hivyo kwanza, kabla ya maelezo, na Rahab hakulisahau hilo. "Saga majani na maji, umpe kwa bomba, kidogo kidogo, upande wa mdomo. Mweke joto. Halafu unipigie."

Akayatoa majani kwenye msumari. Yalikuwa yamenyauka. Akayaweka moja moja mbele ya pua ya Chwele, na Chwele akageuza uso. Akaomba kikombe kwa mama wa chai, akayaponda kwa mpini wa kijiko, akachuja kwa ncha ya leso. Tone la kwanza likaingia. La pili likatoka na kuchuruzika shingoni. Sungura alisaga meno kwa maumivu. Tumbo lilikuwa gumu.

"Meza, mama. Moja tu. Meza."

Honi ikalia nje. Lori la yule mfanyabiashara, na jingine nyuma yake.

"Mama, lango!" Kibiwott aliita kutoka ofisini. "Fungua haraka! Na ulete simu, lunch imeisha!"

Rahab akatoka na bomba la majani mkononi. Akafungua. Malori yakapita mbele ya turubai ya Mzee Kipkosgei, yakapita mashine ya kupimia, hayakusimama. Vumbi lake likatua juu ya mahindi yaliyoanikwa. Akafunga lango. Akapeleka simu kwenye droo. Alipopiga magoti tena chini ya kiti, Chwele alikuwa bado vuguvugu, lakini hilo lilikuwa joto la chupa ya mzee.

Wekoye alichimba shimo nyuma ya choo. Hakufanya mzaha. Alilaza sweta kwanza, kisha sungura, akauliza, "Namfunika na hii yote?" Rahab akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa sweta yake ya pekee ya asubuhi za baridi.

Kesho yake alifika kazini mikono mitupu.

"Pole, nimesikia," alisema Kibiwott, akavuta droo. "Simu."

"Hii leo inakaa na mimi."

"Ya nini sasa? Si sungura alikufa?"

"Alikufa."

"Basi daktari hakupigii."

"Hapigi, ndiyo."

"Mama Rahab, utapoteza kazi kwa ajili ya mboga?"

Alitembea hadi langoni na kusimama kando ya kibanda. Mzee Kipkosgei alikuwa akikunja turubai ili ajaribu mashine tena. Honi ikalia. Lori la kwanza likasimama puani mwa lango, dereva akitoa mkono dirishani kumharakisha.

Rahab hakulifungua. Alitoa simu kifuani, akaifuta vumbi kwa leso iliyokuwa bado na rangi ya majani, akaiinua mpaka namba ya gari ikaonekana vizuri kwenye kamera.